Mikono inakufa ganzi na kona inanitupa nje: nianzie wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miezi 3 tangu nianze kuendesha pikipiki, ya cc 150. Nikipita nusu saa barabarani mikono inakufa ganzi na mabega yanawaka. Kwenye kona najikuta natoka nje ya njia yangu, kuelekea magari yanayokuja. Juzi gari lilichomoka njia ya pembeni mbele yangu, nikakamata breki, tairi la nyuma likaserereka, nikaponea chupuchupu. Nina helmeti tu, sina kingine. Ninunue nini kwanza na nijifunze nini kwanza? Au haya maumivu ni ya kusubiri tu mpaka mwili uzoee?

Jibu: Ndugu yangu, usisubiri. Ganzi ya mikono, kona inayokutupa nje na breki iliyotaka kukuangusha vina mzizi mmoja: unaning'inia kwenye usukani, na macho yako yako mita chache tu mbele ya tairi. Mkono uliokaza ndio huohuo unaotakiwa kukamata breki kwa kipimo, na mkono uliokufa ganzi haujui umekamata kwa nguvu kiasi gani. Kwa mwendesha pikipiki, starehe ya mwili ni sehemu ya breki zake.

Sababu iko kwenye umbo lenyewe la pikipiki. Foki za mbele zimelala kidogo, na mahali tairi linapogusa ardhi pako nyuma ya mstari ambao usukani unazungukia. Ndiyo maana gurudumu la mbele, likiwa kwenye mwendo, hujinyoosha lenyewe. Likigonga jiwe hupepesuka kidogo kisha hurudi. Ukilishikilia kwa nguvu unalizuia lisirudi, na ule mtikisiko ambao lingeumaliza lenyewe unapanda viganjani, viwikoni, hadi mabegani. Unaumia kwa kazi ambayo pikipiki haikukuomba.

Basi mwili ubebwe na nani? Na magoti, mapaja na kiuno. Kaa mbele kiasi kwamba viwiko vinabaki vimepinda hata usukani ukizungushwa mwisho. Bana tangi kwa magoti, si kwa nguvu ya kuchosha, bali kiasi cha kuhisi kwamba ukiachia usukani kidogo hutaangukia mbele. Weka sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye vikanyagio, si katikati ya mguu. Kisha, ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na tupu, papatisha viwiko juu na chini kama kuku anayekung'uta mbawa. Pikipiki ikiyumba, ujue uzito wako bado uko mikononi. Rudia jaribio hili kila baada ya dakika 10 katika wiki ya kwanza, kwa sababu mikono hukaza yenyewe bila kukuarifu.

Kabla hujailaumu mikono yako, angalia pia vishikio vya klachi na breki. Pikipiki nyingi hutoka dukani vikiwa vimekaa juu mno au chini mno kwa mwendeshaji wake. Kaa kwenye kiti, nyoosha vidole, na umwombe mtu akutazame kutoka pembeni: mkono kuanzia kiwiko, kiganja na vidole viwe mstari mmoja hadi kwenye kishikio. Kifundo kikipindia juu, mishipa inabanwa na ganzi ndiyo inapoanzia. Marekebisho ni ya dakika 5: legeza bolti ya kibano kinachoshika kishikio kwenye usukani, zungusha, kaza tena. Usikaze kama unafunga injini. Kishikio kinachoweza kuzunguka kidogo pikipiki ikianguka huwa hakivunjiki. Ukimaliza, zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, uhakikishe hakuna kebo wala mpira wa breki unaovutwa.

Upande wa mafuta, shika gripu ukiwa umerudisha mafuta yote na kifundo kikiwa chini kidogo, si juu. Anayeshika na kifundo juu hujikuta akiongeza mafuta kila pikipiki inaporuka kwenye shimo, kwa sababu mwili ukitupwa nyuma unavuta gripu. Ni kosa dogo, na ndilo linalowafanya wageni wengi wakimbie mbele wakati walitaka kusimama.

Sasa twende kwenye kona. Kitu ambacho wengi hawaambiwi siku ya kwanza ni kwamba ukipita takriban km 20 kwa saa, pikipiki haigeuzwi kwa kuelekeza usukani unakokwenda. Unataka kwenda kushoto, sukuma gripu ya kushoto mbele. Gurudumu linageukia kulia kwa nukta moja, pikipiki inalalia kushoto, na unaingia kona ya kushoto. Kulia vivyo hivyo. Watu hufanya hivi bila kujua, lakini asiyejua hawezi kuongeza pale anapohitaji zaidi. Na huwezi kusukuma vizuri kwa mikono yote miwili iliyokaza, kwa maana wa kulia unapambana na wa kushoto. Hapo ndipo kona inapokutupa nje.

Jaribu kwenye barabara pana iliyonyooka, km 30 hadi 40 kwa saa, hakuna mtu nyuma. Sukuma taratibu kushoto, iache irudi, sukuma kulia. Utaona jinsi pikipiki inavyotii kwa nguvu ndogo sana, na utajiuliza ulikuwa unapigana na nini muda wote huo.

Nusu ya pili ya kona ni macho. Pikipiki hufuata unakotazama. Ukilitazama shimo unaliingia, ukiyatazama magari yanayokuja unayafuata. Geuza kidevu, si macho peke yake, mpaka mwisho wa kona unakoweza kuona. Mwendo upunguzwe na gia ichaguliwe kabla ya kulala, pikipiki ingali wima. Ukishaingia, shika mafuta kidogo na uyatulize, shokapu zikae mahali pamoja. Ikitokea umeingia kwa kasi na unaona unatoka nje, mwili utakusihi urudishe mafuta ghafla na kukanyaga breki. Usiusikilize. Tazama ndani ya kona na usukume zaidi gripu ya upande huo. Kwa kawaida pikipiki ina ulalo mwingi uliobaki kuliko ujasiri wa mgeni. Kama ni lazima usimame katikati ya kona, isimamishe wima kwanza, kisha breki, kwa sababu tairi lililolala limeshatumia sehemu ya mshiko wake kugeuka na halina wa kutosha kukusimamisha.

Breki ndiyo ya kukaa nayo zaidi, maana ndiyo iliyotaka kukuangusha. Ukikamata breki, uzito wote wa pikipiki na wako unasukumwa mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa ardhini na kupata mshiko, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kama asilimia 70 ya kazi ya kusimama, na zaidi ukikamata sana. Wewe ulikanyaga ya nyuma kwa hofu, gurudumu jepesi likajifunga, likaserereka. Waliokwambia kwamba breki ya mbele inaangusha walisema nusu ya kweli. Inaangusha ikikwapuliwa kwa ghafla, kabla uzito haujafika mbele. Ikikamuliwa hatua kwa hatua haina mpinzani.

Zoezi lenyewe ni hili. Tafuta uwanja mtupu wa lami, mkavu, usio na mchanga. Weka alama ya chaki. Fika ukiwa km 30 kwa saa, wima, usukani umenyooka, macho mbali mbele. Kwenye alama rudisha mafuta, vuta klachi, gusa breki zote mbili kwa wepesi ili foki zizame, na hapohapo endelea kukamua ya mbele kwa nguvu inayoongezeka, kama unayekamua chungwa. Gurudumu la mbele linavyozidi kukandamizwa, legeza kidogo breki ya nyuma. Maliza ukiwa gia ya kwanza na mguu wa kushoto chini. Fanya mara 10, pumzika, mara 10 nyingine. Kesho panda hadi km 40, kisha 50. Pima hatua kutoka kwenye alama hadi uliposimama. Zikipungua bila tairi kupiga kelele, unaelekea kuzuri.

Gurudumu la mbele likijifunga, achia mara moja na ukamate upya kwa ulaini zaidi, kwani haliwezi kukubeba hata sekunde moja. La nyuma lina tabia nyingine. Likijifunga na pikipiki bado imenyooka, legeza. Lakini kama mkia umeshatoka pembeni sana, kuachia ghafla ni hatari kuliko kuserereka kwenyewe, kwa sababu tairi linashika tena kwa mpigo na kukurusha juu upande wa pili. Hapo libakize limejifunga, tazama mbele, usimame nalo. Kama pikipiki yako ina ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, kamata kwa nguvu na usiachie hata ukihisi kishikio kinadunda. Kule kudunda ni mfumo unafanya kazi yake.

Fahamu pia namba za barabara. Ukiwa km 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukichukua sekunde 1 na nusu kuona, kuamua na kukamata, umeshatembea mita 25 kabla breki haijafanya lolote. Breki nzuri kwenye lami kavu itataka kama mita 23 nyingine. Jumla mita 48. Kwa km 40 kwa saa jumla hiyo ni kama mita 27, na kwa km 80 ni kama 74. Mwenye kutegemea breki ya nyuma peke yake anaweza kuhitaji karibu mara mbili ya zile mita 23. Hii ndiyo sababu ya kuacha nafasi ya sekunde 2 kwa aliye mbele yako, au 4 mvua ikinyesha. Akipita nguzo, hesabu. Ukiifikia kabla ya muda, umemkaribia mno.

Gari kuchomoka mbele ya pikipiki ni miongoni mwa ajali za kawaida kabisa. Huko Marekani Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki palepale zilipotokea, na ripoti yao ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba, pale gari jingine lilipohusika, katika theluthi mbili dereva wa gari ndiye aliyemnyima mwendesha pikipiki haki yake ya kupita. Wengi hawakuiona pikipiki kabisa, au waliiona wakiwa wamechelewa. Mwendeshaji alibakiwa na chini ya sekunde 2. Pikipiki ni nyembamba. Inayokuja moja kwa moja machoni pa dereva haionekani kusogea, hadi ghafla inakuwa kubwa, na nguzo ya kioo cha mbele cha gari inatosha kuificha yote.

Kwa hiyo ukiona gari linasubiri kwenye njia ya pembeni, rudisha mafuta kidogo, weka vidole 2 juu ya kishikio cha breki, na usogee upande wa njia unaokuweka mbali nalo na kukuonyesha vizuri zaidi. Kule kusogea pembeni kunakukatisha mbele ya mandhari na kumshtua dereva. Usitazame uso wake. Watu humtazama mtu machoni na wasimwone. Tazama gurudumu lake la mbele, kwa sababu gurudumu huanza kuzunguka kabla bodi halijaonekana kutembea. Vidole vilivyokaa tayari vinakuokolea sehemu ya sekunde, na kila sehemu ya kumi ya sekunde kwa km 60 ni mita 1.7. Honi piga, ila mkono wa breki usiungoje ule wa honi.

Ununuzi, kwa mpangilio wangu: helmeti ya maana, glovu, viatu, jaketi, kisha suruali. Umesema helmeti unayo, lakini ijaribu kwanza. Ivae, funga mkanda kiasi cha kupita kidole kimoja tu, halafu umwambie mtu aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa, haikufai, hata kama ni ya bei kubwa. Ukitikisa kichwa, ngozi ya mashavu iende nayo. Ukivaa dakika 10 na kukuta alama nyekundu ya duara kwenye paji la uso, umbo lake si la kichwa chako na safari ndefu itakuwa mateso. Kipimo huchukuliwa kwa utepe, kama sm 2.5 juu ya nyusi, kuzunguka pale kisogo kilipo kipana zaidi.

Tazama lebo iliyoshonwa kwenye mkanda. Herufi E ndani ya duara na namba yake huonyesha nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E3 Italia, E11 Uingereza. Kiwango kipya cha ECE, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya kupima helmeti, ni 22.06. Kwenye helmeti ya kidevu kinachofunguka, herufi P maana yake kinga ya kidevu imepimwa, na NP maana yake kile kidevu ni cha upepo tu. Kinachokuokoa ndani yake ni povu gumu linalopondeka likigongwa. Likishapondeka halirudi, hata kama nje haina mkwaruzo. Ikishapigwa kwa ajali, itoe kazini. Bila ajali, miaka 5 ya matumizi ni kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi. Usiitundike juu ya kioo cha pembeni, kinaweza kubonyeza povu hilo, na usiifute kwa petroli wala tina. Uchambuzi wa tafiti 61 uliotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ndiyo maana helmeti inatangulia yote.

Glovu zinatangulia jaketi kwa sababu kila anayeanguka hutanguliza mikono. Kiganja kiwe cha ngozi, na pawepo mkanda wa kufunga kifundoni ili isivuke. Isibane kiasi cha kuzuia damu, maana hapo unajinunulia ganzi nyingine. Viatu vipite juu ya kifundo cha mguu, soli ngumu, na kamba zichomekwe ndani, kwa sababu kamba inayoning'inia ikinaswa kwenye gia au kikanyagio utashindwa kushusha mguu unaposimama na utaanguka kama mti. Jaketi liwe na kinga za mabega na viwiko zenye alama ya EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha kinga hizo, na namba 1 au 2, ya pili ikipitisha nguvu ndogo zaidi. Kinga ikae juu ya kiwiko chenyewe hata mkono ukipinda. Iliyoteleza pembeni ni pambo. Jinzi ya kawaida? Kwenye lami hulika mara moja.

Jambo linalopuuzwa ni masikio. Ukifika km 100 kwa saa kelele za upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, hata kama helmeti ni nzuri. Vizibo vya povu vya masikioni hupunguza uchovu kwa kiasi kitakachokushangaza, na honi bado utazisikia, pale sheria inapoviruhusu. Maji nayo: upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, na kukaukiwa kunaweza kukuchelewesha kuamua. Simama kila baada ya dakika 45 hadi 60, shuka, nyoosha vidole, kunywa.

Pikipiki yenyewe inaweza kuwa inakukaza mikono. Cheni iliyolegea sana hupiga kila unaporudisha na kuongeza mafuta, na mwendeshaji hujibu kwa kushika kwa nguvu. Pima katikati ya cheni ya chini, pikipiki haina mtu: isukume juu, ivute chini. Kwa nyingi za cc 125 hadi 150 jumla ya mchezo huo ni mm 20 hadi 30, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu na upime sehemu 3 au 4, kwa maana cheni hailiki sawasawa. Rekebisha kwa kufuata pale ilipokaza zaidi. Kaza pande zote mbili za ekseli kwa alama zilezile, la sivyo gurudumu linakaa upogo. Usiikaze ikawa kama uzi wa gitaa. Shokapu ikizama cheni huvutika, na iliyokosa nafasi inakula beringi ya gurudumu na ya giaboksi. Paka oili ya cheni kila km 500 hivi, upande wa ndani, ikiwa na joto baada ya safari. Injini iwe imezimwa na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Vidole vingi vimebaki kwenye sproketi kwa sababu ya kupaka cheni injini ikiwa inanguruma.

Gripu ya mafuta pia iwe na mchezo wa mm 2 hadi 6 kabla haijavuta, na kishikio cha klachi cha kebo mm 10 hadi 20 kwenye ncha yake. Klachi isiyo na mchezo kabisa huteleza na kuungua. Kuhusu oili, tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze.

Tairi pima likiwa la baridi, asubuhi kabla ya kutoka. Kipimo kiko kwenye kibandiko karibu na kifuniko cha cheni. Kwa ukubwa wa pikipiki yako mara nyingi ni psi 25 hadi 29 mbele na 29 hadi 33 nyuma, na nyuma huongezwa ukibeba abiria. Upepo pungufu hufanya usukani uwe mzito na uvivu kwenye kona. Ukizidi, tairi linadunda na sehemu inayogusa ardhi inapungua. Namba 4 za mwisho ubavuni ni tarehe: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi likibakiza kina cha mm 2, anza kutafuta jingine. Likiwa jipya lina uso unaoteleza, kwa hiyo km 150 za kwanza usililaze sana.

Kwa breki ya dramu, kanyaga mwisho na utazame mshale mdogo kwenye mkono wa dramu. Ukigusa alama ya mwisho, viatu vya breki vimekwisha na kukaza nati hakutasaidia. Kwa diski, padi zikibaki mm 1 na nusu badilisha, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2, kwa sababu hunyonya unyevu na yakichemka kishikio kinakuwa laini kama sifongo.

Mvua nitaisema kwa ufupi. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, maji yanapoinua oili na vumbi kabla ya kuviosha. Mistari ya rangi, vifuniko vya mashimo na reli zikilowa ni sabuni. Zivuke wima, bila breki wala kuongeza mafuta, reli ukiikata karibu na pembe ya mraba. Breki za dramu zikipita kwenye maji mengi zikaushe kwa kuzigusa taratibu mara kadhaa. Usiku vaa kioo cheupe cha helmeti, si cheusi, na uende kwa mwendo unaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa yako.

Abiria mwahirishe mpaka zile hatua za zoezi la breki zimeacha kubadilika kutoka siku moja hadi nyingine. Akija, apande ukiwa umeshikilia breki ya mbele na miguu yote miwili iko chini, akae karibu, ashike kiuno chako, na miguu yake ibaki kwenye vikanyagio hata mnaposimama. Mwambie atazame juu ya bega lako la upande wa kona. Inatosha, asijaribu kulala mwenyewe.

Wiki 2 za kukaa vizuri, vishikio vikiwa vimerekebishwa, mara nyingi zinatosha kuondoa ganzi kama yako. Isipoondoka, angalia kama bolti zinazoshika injini kwenye fremu zimelegea, kama vyuma vizito vya ncha za usukani vipo, na kama unakimbiza injini kwenye gia ndogo, maana mitetemo hupanda na mizunguko. Na kama vidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi hata usiku ukiwa kitandani, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono: mwone daktari, na upunguze safari mpaka akupime.